Nyoka Amekataa Panya wa Friza, au Amemtapika: Jinsi ya Kutafuta Chanzo

Nyoka akikataa panya aliyetoka friza, wafugaji wengi hubadili mambo matatu kwa mpigo: ukubwa wa panya, joto la kizimba na mahali pa kulishia. Wiki inayofuata nyoka akila, hawajui ni badiliko lipi lililosaidia. Akikataa tena, hawajui ni lipi lililomkera. Ndiyo maana nimepanga maelezo haya kwa dalili: unachokiona, kinachoweza kuwa chanzo, na jambo la kujaribu kwanza. Jaribu moja, kisha subiri. Nyoka mzima mwenye afya hukaa wiki kadhaa bila kula na asidhurike, kwa hiyo muda upo. Kinachowaumiza wengi wao ni pupa yetu, si njaa.

Watoto wa nyoka na mijusi wadogo ni habari nyingine, maana akiba yao mwilini ni ndogo. Nitawataja kila inapobidi.

Kabla ya yote, pima

Matatizo mengi ya chakula cha friza ni matatizo ya joto, na joto ni la aina mbili: la kizimba na la windo. Mkono wako hauwezi kupima lolote kati ya hayo kwa uhakika. Vile vipimajoto vya kubandika ukutani mwa kizimba husoma joto la kioo kilichobandikwa, si la sakafu anapolala nyoka. Tumia kipimajoto chenye waya, ncha yake ikae palepale tumbo la nyoka linapogusa, na mkeka au taa ya joto iongozwe na thamostati, yaani kifaa kinachodhibiti joto.

Nyoka wa mahindi (Pantherophis guttatus) anahitaji upande wa joto wa nyuzi 29 hadi 32 za Selsiasi na upande wa baridi wa karibu 22 hadi 24. Chatu wa kifalme (Python regius) anapenda 31 hadi 33 upande wa joto. Mjusi wa jenasi Pogona anahitaji jiwe la kuotea lenye nyuzi 38 hadi 42, na kenge wa savana (Varanus exanthematicus) huota mahali ambapo uso wake unapita nyuzi 50. Kama vipimo vyako viko mbali na hivi, acha kusoma dalili. Rekebisha joto, mwache mnyama siku kadhaa atulie, ndipo umpe chakula tena.

Kifaa cha pili ni mzani wa gramu. Mpime mara moja kila wiki mbili na uandike. Nyoka aliyegoma kula miezi miwili lakini uzito haujashuka anaweza kusubiriwa. Aliyepoteza asilimia 10 ya uzito wake anahitaji daktari wa wanyama, hata kama anaonekana mchangamfu.

Na panya naye ana utaratibu wake. Hamisha windo kutoka friza hadi sehemu ya chini ya jokofu, ndani ya mfuko uliofungwa, usiku wa kuamkia siku ya kulisha. Kichanga wa panya asiye na manyoya huyeyuka kwa saa chache tu. Panya mkubwa wa gramu 250 anaweza kuchukua karibu saa 24. Likishayeyuka kabisa, lipashe moto: litie, likiwa bado ndani ya mfuko, kwenye maji ya moto ambayo mkono wako unayavumilia, dakika 10 hadi 20 kwa windo dogo na zaidi kwa kubwa. Ukiligusa kwa kipimajoto, ngozi yake iwe na nyuzi 38 hadi 40. Kisha lifute likauke. Usitumie maikrowevu hata siku moja. Hupasha ndani na nje bila kulingana. Kichwa kinaweza kuwa baridi huku matumbo yanachemka, na tumbo hupasuka. Usilichemshe pia, kwa sababu mifupa iliyopikwa huwa migumu na kukatika vibaya, na vitamini hupungua.

Ananusa, kisha anageuka na kuondoka

Hii ndiyo dalili ninayoulizwa zaidi. Mtazame nyoka kwa makini kabla hujaamua chochote. Anayetoa ulimi harakaharaka na kusogeza kichwa kuelekea kwenye windo ana hamu, ila kuna kitu hakijakaa sawa. Anayetoa ulimi taratibu, mara moja moja, huku shingo imelegea, hana hamu leo. Anayejikunja herufi S na kurudi nyuma, au kujifungia kama mpira huku kichwa kimefichwa katikati, anaogopa. Ni nyoka watatu tofauti, na tiba zao hazifanani.

Kwa yule mwenye hamu, chanzo cha kwanza kukikagua ni joto la kichwa cha windo. Chatu wengi wana vishimo kwenye midomo vinavyohisi joto la mwili wa windo hata gizani, na boa wengi nao wana uwezo huo. Kwao, panya wa nyuzi 25 ni kitu kisichoeleweka: kinanuka panya ila hakina mwili. Chovya kichwa cha windo kwenye maji ya moto zaidi kwa dakika moja, kifute, kisha umpe mara hiyohiyo, maana ngozi hupoa upesi sana. Nyoka wa mahindi na nyoka mfalme (Lampropeltis) hawana vishimo hivyo. Hao huongozwa na harufu na mwendo, kwa hiyo kuzidisha moto hakutawasaidia. Kwao futa maji kwenye manyoya, kwa sababu panya aliyelowa hanuki kama panya, na umtikise kidogo kwa koleo refu kana kwamba anapita njia. Kidogo tu. Windo linalopigwapigwa usoni mwa nyoka ni adui, si chakula.

Kama joto na harufu viko sawa, angalia ukubwa. Unene wa windo usizidi sana sehemu nene zaidi ya mwili wa nyoka. Ukipenda kwenda kwa mzani, mtoto wa nyoka anaweza kula windo la asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake, na mkubwa huhitaji pungufu ya hapo. Nyoka aliyezoea kula windo dogo mara nyingi huogopa kubwa la ghafla.

Yule asiye na hamu mara nyingi ana sababu yake ya halali. Macho yakiwa na ukungu wa samawati, anakaribia kujivua gamba; mwache hadi gamba litoke. Chatu wa kifalme dume aliyefikia umri wa kuzaa anaweza kugoma miezi kadhaa katika msimu wa kupandana na uzito wake usiyumbe. Jike mwenye mayai hugoma pia. Na kama mara ya mwisho alikula wiki iliyopita, huenda ameshiba tu. Nyoka wa mahindi mzima anatosheka na mlo kila siku 10 hadi 14, chatu wa kifalme mzima kila wiki mbili au tatu. Wafugaji wengi huwalisha nyoka wazima kupita kiasi, halafu wanashtuka nyoka akikataa. Hapo nyoka ndiye mwenye akili.

Yule mwoga hahitaji panya mwingine. Anahitaji mahali pa kujificha. Weka maficho mawili yenye kubana, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi, kiasi kwamba akiingia mwili wake uguse kuta. Funika pande tatu za kizimba. Kama ni mgeni nyumbani, usimpe chakula kabla ya siku tano hadi saba, na usimshike kabisa hadi ale milo kadhaa mfululizo. Baada ya siku hizo mpe windo jioni taa zikiwa zimezimwa, liweke mlangoni mwa maficho yake, na utoke chumbani. Liache usiku kucha, lakini asubuhi litupe. Faida kubwa ya windo la friza iko hapa: panya hai akiachwa na nyoka asiye na hamu anaweza kumng'ata vibaya hadi mfupa, ila aliyekufa hamdhuru mtu.

Kuna pia nyoka aliyelelewa kwa panya hai na hajui kwamba aliyekufa ni chakula. Huyo mpe panya aliyeuawa muda huohuo kwa njia isiyo na mateso, akiwa bado na joto lake, kwa milo miwili mitatu. Ukishamzoesha asiyetembea, hamia kwa wa friza aliyepashwa moto vizuri. Usimrudishie panya hai kila anapokataa, kwa sababu utakuwa unamfundisha kwamba akisubiri, hai atakuja.

Watoto wa nyoka waliototolewa karibuni kwa kawaida hawali hadi wajivue gamba la kwanza, karibu siku 7 hadi 10 baada ya kutoka kwenye yai. Wakigoma baada ya hapo, tatizo mara nyingi ni harufu. Watoto wa nyoka wa mahindi huko porini huanza na mijusi wadogo, na nyoka pua-nguruwe (Heterodon nasicus) hupenda vyura. Mpake kichanga wa panya gamba lililovuliwa na mjusi wa kufugwa, au kwa pua-nguruwe maji ya samaki jodari asiye na chumvi. Epuka kutumia chura wa porini moja kwa moja, maana anaweza kuwa na vimelea. Isipokubali, toboa fuvu la kichanga kwa sindano mpaka ubongo uonekane kidogo kwenye pua, kisha umguse nyoka nao. Haipendezi, lakini imeokoa watoto wengi wa nyoka. Kulisha kwa nguvu kuwe kwa mkono wa daktari au mfugaji mwenye uzoefu. Koo la mtoto wa nyoka huchanika kirahisi.

Amemrukia, amemviringia, kisha amemwacha

Nyoka alikuwa na hamu, akafanya kazi yake yote, halafu akalegeza mikunjo na kuondoka. Mara nyingi windo lilikuwa la moto juu na barafu ndani. Joto la ngozi lilimvuta, lakini alivyozidi kulibana akakuta ubaridi. Kabla ya kumpa, binya tumbo la windo kwa vidole viwili na ukunje kiuno chake. Likiwa na kitu kigumu kama kokoto katikati, bado halijayeyuka. Usiendelee kulitia maji ya moto kwa saa nzima ili kuliharakisha, kwa sababu nje litaanza kuoza kabla ndani halijayeyuka. Lirudishe jokofuni likamilike taratibu.

Chanzo kingine ni wewe mwenyewe kusimama pale. Nyoka aliyemviringia panya ana shughuli yenye hatari kwake: mdomo utakuwa umejaa na hawezi kujitetea. Akiona kivuli kinasogea ataacha. Weka windo, rudi nyuma, punguza mwanga.

Wakati mwingine anatafuta kichwa na hakipati. Utamwona akipitisha pua kwenye mwili wote wa panya, mbele na nyuma, mara kadhaa. Usimsaidie. Akiamua kuanzia miguu ya nyuma, atatumia muda mrefu zaidi ila kwa kawaida atafaulu. Kumvuta panya ili umgeuze ndiko kunakomfanya aache.

Ametapika

Hapa simama kabisa. Nyoka aliyetapika windo amepoteza maji, chumvi za mwili na asidi ya tumboni, na koo lake limeunguzwa na asidi hiyo. Ukimpa windo jingine siku ya tatu kwa kuwa "sasa ana njaa", atatapika tena, na mara ya pili huwa mbaya zaidi. Nyoka wadogo hufa kwa mtindo huo, mlo mmoja baada ya mwingine, huku mwenye nyoka akidhani anawaokoa.

Ondoa alichotapika, safisha kizimba, weka maji safi, mpime uzito. Kisha usimguse. Nyoka mkubwa asubiri siku 10 hadi 14 bila chakula chochote. Mlo wa kwanza baada ya hapo uwe nusu ya ukubwa wa kawaida, au mdogo zaidi. Ukikaa vizuri tumboni, mlo unaofuata uwe vilevile, na urudi kwenye ukubwa wa kawaida kwa hatua, baada ya milo mitatu hivi.

Huku unasubiri, tafuta chanzo, na hali ya kilichotapikwa itakusaidia. Windo lililotoka karibu zima ndani ya saa 24 mara nyingi linaonyesha kwamba lilikuwa kubwa mno, lilikuwa na barafu ndani, au nyoka alishikwa mapema. Kanuni ni saa 48 bila kumshika baada ya mlo, na zaidi kama mlo ulikuwa mkubwa. Wageni wakija kumwona, waambie wamtazame kwa mbali. Windo lililotoka siku ya tatu au ya nne, limelegea na kunuka uozo, linaelekeza kwenye joto la kizimba. Nyoka hana joto lake mwenyewe la kumeng'enyea chakula. Upande wa joto ukishuka, bakteria wa ndani ya windo huozesha nyama kabla asidi ya tumbo haijaifikia, na mwili hauna njia ila kuitoa. Kagua thamostati, waya wa mkeka, na kama umeme ulikatika usiku.

Kuna vyanzo ambavyo hutavimaliza nyumbani. Nyoka akitapika mara mbili mfululizo ilhali joto, ukubwa na utulivu viko sawa, mpeleke kwa daktari. Beba kinyesi na kilichotapikwa kwenye mifuko iliyofungwa, viwe baridi lakini visigande. Moja ya mambo atakayotafuta ni kimelea kiitwacho Cryptosporidium serpentis, ambacho huvimbisha ukuta wa tumbo; wakati mwingine uvimbe huonekana kwa nje katikati ya mwili wa nyoka aliyekonda. Dawa nyingi za kusafishia, pamoja na klorini, hazikiui. Kwa hiyo mnyama huyo atengwe, awe na koleo lake, bakuli lake na kitambaa chake, na ahudumiwe wa mwisho baada ya wengine wote. Kwa boa na chatu kuna pia ugonjwa wa chembe za ndani ya seli, ambao mwaka 2012 wanasayansi waliuhusisha na virusi vya familia ya arena. Nyoka mwenye ugonjwa huo anaweza kutapika, na pia kupinda kichwa kuelekea juu na kushindwa kujigeuza akilazwa chali. Ukiona kutapika na kichwa kupinda kwa pamoja, usisubiri siku 10. Nenda siku hiyo.

Windo lenyewe lina kasoro

Tumbo la kijani, harufu kali, ngozi inayobanduka ukiigusa, au tumbo lililojaa hewa na kupasuka majini: hizo ni dalili za kuoza. Huenda windo liliachwa kwenye joto la chumba muda mrefu, liliyeyuka likiwa safarini na kugandishwa tena, au maji yalikuwa ya moto mno. Tupa. Haijalishi nyoka ana njaa kiasi gani. Windo lililokwisha kuyeyuka halirudishwi friza, hata kama nyoka hakuligusa.

Madoa makavu meupe na ngozi iliyosinyaa ni kazi ya hewa kavu ya friza. Windo hilo halina sumu, ila limepoteza maji na ladha, na nyoka wachaguzi hulikataa. Fungasha katika mifuko iliyotolewa hewa, andika tarehe, weka kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na jitahidi kulitumia ndani ya miezi 6. Vitamini, hasa E, hupungua kadiri windo linavyokaa.

Nyoka wa samaki anatetemeka au anajipinda

Nyoka wa jenasi Thamnophis na wengine walao samaki wana tatizo lao la pekee. Aina kadhaa za samaki, kama samaki wa dhahabu, zina kimeng'enya kiitwacho thiaminase kinachoharibu vitamini B1. Kugandisha hakukizuii, kinaendelea na kazi samaki akiwa friza. Baada ya wiki au miezi ya kula samaki huyo tu, nyoka hupoteza mwelekeo, hutetemeka, hujipinda na mwishowe hupata degedege. Daktari akimwahi kwa sindano za B1, wengi hupona haraka. Badilisha mlo: tumia samaki wasio na kimeng'enya hicho, changanya na minyoo ya ardhini, au mzoeshe vichanga wa panya. Hapa ndipo penye ruhusa pekee ya kupasha moto mkali: samaki akikaa kwenye nyuzi 80 kwa dakika 5 kimeng'enya huharibika, ila B1 nayo hupungua, kwa hiyo nyongeza ya vitamini inahitajika bado.

Mjusi ananenepa, analegea, au viungo vimevimba

Mijusi wengi hawahitaji panya kabisa. Iguana wa kijani hula majani, na kumpa panya ni kumuumiza. Pogona na mjusi mwenye madoa ya chui (Eublepharis macularius) wanaishi vizuri kwa wadudu na, kwa Pogona, mboga. Kichanga wa panya kwao ni kitu cha nadra, labda kwa jike aliyetaga na kukonda. Wapo wanaoweza kula mawindo mazima kama sehemu ya mlo: tegu (mijusi wakubwa wa Amerika Kusini), kenge wengi, na mijusi wa ulimi wa buluu (Tiliqua) kwa kiasi kidogo.

Kenge wa savana ndiye anayeonewa zaidi. Porini mlo wake ni mbawakawa, majongoo, panzi, nge na konokono. Nyumbani anapewa panya wawili kila siku kwa sababu anawala kwa fujo na inafurahisha kumtazama. Baada ya miaka michache tumbo linaburuta chini, ini limejaa mafuta, na anakufa mapema sana. Ukiona mikunjo ya mafuta shingoni, mkia uliojaa kupita kiasi na mjusi asiyetaka kutembea, usimfungie chakula ghafla, kwa sababu ini lenye mafuta haliwezi kuhimili njaa ya ghafla. Punguza panya hatua kwa hatua, rudisha wadudu, ongeza joto la mahali pa kuotea na udongo wa kina wa kuchimba.

Viungo vikivimba na mjusi akichechemea, daktari achunguze jongo. Asidi ya uriki hukusanyika kwenye viungo na figo, hasa protini inapokuwa nyingi na maji machache. Windo la friza lililokaushwa na friza haliongezi maji ya kutosha. Bakuli la maji liwe kubwa kiasi mjusi aingie.

Taya laini, vidole vinavyotetemeka na miguu iliyopinda ni upungufu wa kalsiamu. Wanaolishwa vichanga tu wako hatarini, kwa kuwa mifupa ya kichanga bado haijakomaa. Panya mzima mwenye manyoya na mifupa kamili ana uwiano bora zaidi wa kalsiamu na fosforasi. Mijusi wanaoota mchana wanahitaji pia taa ya UVB, yaani ya mionzi kama ile ya jua. Bila hiyo mwili hautengenezi vitamini D3 ya kutosha kufyonza kalsiamu hiyo.

Kinyesi

Manyoya kwenye kinyesi ni kawaida, hayameng'enywi. Sehemu nyeupe ni mkojo, nayo ni kawaida. Ikiwa ya manjano iliyokolea na ya chengachenga, mnyama amepungukiwa maji. Vifaranga wa kuku wa siku moja hulainisha kinyesi na kukipa harufu mbaya sana. Changanya na panya kitatulia. Mifupa na nyama zikitoka hazijameng'enywa, rudi kwenye kipimajoto. Damu, kamasi au kutokwenda haja kwa milo mitatu mfululizo, nenda kwa daktari.

Amekuuma mkono badala ya panya

Mkono wenye joto na harufu ya panya, mbele ya nyoka mwenye njaa, ni panya. Osha mikono kabla ya kufungua kizimba, tumia koleo la angalau sentimita 30, shika windo mgongoni ili kichwa kiwe mbele. Akishakung'ata na kushikilia, usivute, kwa kuwa meno yake yamepinda kuelekea ndani na yatachana ngozi yako na huenda yakavunjika mdomoni mwake. Mtie chini ya maji baridi yanayotiririka hadi aachie, kisha osha jeraha kwa sabuni. Hayo ni kwa nyoka wasio na sumu.

Mtu wa nyumbani ameharisha

Baridi ya friza haiui Salmonella. Mwaka 2010 nchini Marekani panya wa kugandishwa wa kulishia reptilia waliondolewa sokoni baada ya watu kuugua, na Uingereza ilikuwa imepata mlipuko wa aina hiyo kabla ya hapo. Kwa hiyo kuhara kwa mtoto kwenye nyumba yenye nyoka kutajwe kwa daktari waziwazi, pamoja na kwamba mnafuga na mnalisha nini. Watoto chini ya miaka 5, wazee na wenye kinga dhaifu wasiguse windo wala vifaa vyake. Usiyeyushe panya kwenye sinki la vyombo, usitumie bakuli la familia, na kama friza ni moja, windo likae kwenye boksi lenye mfuniko, chini kabisa, mbali na chakula chenu. Osha mikono kwa sabuni baada ya kila hatua.

Umeme umekatika

Friza iliyojaa, mlango ukiwa umefungwa, huhifadhi ubaridi kwa karibu saa 48. Iliyojaa nusu, karibu saa 24. Umeme ukirudi, mawindo ambayo bado yana fuwele za barafu na hayajapita nyuzi 4 yanaweza kugandishwa tena, ingawa ubora hupungua. Yaliyolainika kabisa yatupwe. Na kama nyoka alikula saa chache kabla ya umeme kukatika, yeye ndiye wa kushughulikiwa kwanza. Funika kizimba kwa blanketi, weka chupa za maji ya moto zilizofungwa kwa taulo nje ya kuta zake, na zibadilishe kila zinapopoa mpaka mkeka urudi kuwaka.